Mlima wa Kwetu, Mwezi wa Nane

Mwanangu Skola,

Mama yako ameshakwambia yote ya sweta, ya pasipoti na ya kutokula chakula usichokijua. Sitayarudia. Nimekaa mezani chumba cha mbele, Jumapili hii baada ya misa, na wewe umekwenda Tabata kumuaga mama yako wa ubatizo. Nimeona afadhali niandike kabla hujarudi, maana ukirudi tutaanza tena kubishana, na mimi nimechoka. Siku hizi nachoka mapema. Asubuhi nachoka na foleni ya unga, mchana nachoka na jua la Temeke, jioni nachoka na taarifa ya habari inayosema mambo yanakwenda vizuri.

Tangu Alhamisi hatujazungumza kama baba na mtoto. Unaniamkia, naitikia "Marahaba," basi, kila mtu na sahani yake. Kesho asubuhi utapita ofisini kuikabidhi ramani yako, na jioni utapanda ndege kwenda kusomea hizo picha zenu za setilaiti. Sitaki uondoke na ile "marahaba" kavu ndiyo iwe neno langu la mwisho masikioni mwako.

Alhamisi ile ulisogeza bakuli la mboga ukatandaza picha unayoichorea ramani yako hapa hapa ninapoandikia. Ukatueleza, mimi, mama yako na shangazi yako Kolumba, kwamba imepigwa na mtambo unaozunguka juu kuliko ndege yoyote, na kwamba ofisi yenu siku hizi haina haja ya kutuma mtu kila mlima kuona nani analima kwa kutunza udongo na nani anauharibu. Ulisema mimea iliyo hai hutokea nyekundu, na ardhi iliyo wazi hutokea nyeupe nyeupe. Mama yako akauliza kama huko juu waliona vita, mbona nchi nzima damu. Tulicheka wote. Nilijivuna, Skola, sikufichi. Mtoto niliyekuwa nikimbeba begani kuvuka madimbwi ya Temeke leo anaitazama nchi yote kwenye karatasi moja.

Kisha nikauona mlima wa kwetu. Ulikuwa mweupe, na wewe ulikuwa umeuzungushia penseli. Pembeni uliandika kwa ule mwandiko wako mzuri: "Wazi. Unamomonyoka. Wakulima wateremshwe bondeni." Kwenye kona ya picha pameandikwa mwezi ilipopigwa, mwezi wa nane.

Na shangazi yako amekaa pale pale mkekani, ungo mapajani, anachambua maharage aliyotuletea kutoka mlima huo huo.

Nilikwambia, "Skola, hapa umekosea." Ukanijibu kwa sauti ndogo ili shangazi yako asisikie, "Baba, picha haidanganyi. Halafu mie nikipabadilisha hapo, wenzangu watasema napendelea kwetu." Ndipo nilipopandisha hasira. Nilisema maneno ambayo sikustahili kuyasema mezani, nikavaa viatu nikaenda kukaa kwenye benchi la kahawa mpaka chakula kikapoa. Mama yako alidhani nimekasirika kwa sababu umenijibu. Sivyo. Nilikasirika kwa sababu sentensi ile ilikuwa yangu. Niliisema mimi, katika ofisi ya serikali, wewe ukiwa bado unanyonya kidole.

Habari yenyewe unaijua. Hakuna asiyeijua katika ukoo wetu, na shangazi yako hajaacha kuniita Bwana Ramani kila akitaka kunitania. Lakini umeisikia kama mzaha wa sikukuu, watu wanacheka na kupitisha pombe. Hujaisikia kwangu nikiwa nimekaa peke yangu.

Nilikuwa bwana shamba kijana, nimetoka chuo, suruali imenyooka. Ulikuwa wakati ule watu wanahamishiwa vijijini, na mkoani kwetu tulipewa kazi ya kuchagua wapi watu wabaki na wapi wateremke. Hakukuwa na setilaiti. Tulikuwa na picha zilizopigwa na ndege, nyeusi na nyeupe, unaziweka mbili mbili chini ya miwani maalumu na milima inainuka mezani kama maandazi. Nilizipenda picha zile. Nilikuwa nimekulia milimani ninahema nikipanda, na sasa mlima uleule niliweza kuufunika kwa kiganja.

Ukafika mlima wa kwetu, kule kwa Wamatengo. Kwenye picha ulikuwa mweupe, kipara kitupu. Mkubwa wangu wa kazi akaniuliza mbele ya wenzangu, "Wewe si wa huko? Unasemaje?"

Skola, mimi nimezaliwa ndani ya ngoro, mashamba yetu ya mashimo. Nimejikwaa humo, nimelia humo, nimelala humo mama akilima. Nilijua kwamba masika yakielekea kuisha wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini mistari ikikatizana, na wanawake huja nyuma na majembe, wanachimba katikati ya ile mistari na kuzifukia nyasi, mpaka mlima wote unabaki mashimo yenye kingo, moja baada ya jingine kutoka juu hadi chini. Maharage yanapandwa kwenye kingo. Mvua ikinyesha, kila shimo linashika maji yake na udongo wake, hakuna kinachoteremka. Nilijua pia kwamba mwezi wa nane maharage yameshavunwa na mahindi hayajapandwa, na mlima unakaa wazi ukisubiri mvua. Ukiutazama kwa juu wakati huo unaweza kudhani watu wake ni wavivu. Mashimo hayaonekani, na nyasi zimelala chini ya udongo zinaoza taratibu, na hizo ndizo mbolea yenyewe.

Nilijua yote hayo. Nikamjibu, "Mzee, mimi ni wa huko, kwa hiyo naomba nisiseme. Wasije wakasema napendelea kwetu. Tuifuate picha."

Wakanisifu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba walinisifu. Wakati ule mtu aliyewatetea nduguze alionekana adui wa wote, na mikutanoni tulikuwa tunasema hivyo kila siku tukiinua ngumi. Sikatai. Wapo waliojaza nduguze ofisini mpaka ofisi ikawa kama matanga. Mimi nilikuwa naogopa kufanana nao kuliko nilivyoogopa kuwa mwongo. Nikanyamaza, nikajiona mwadilifu, na jioni nikanywa soda kwa furaha.

Watu wakateremshwa bondeni, kando ya barabara. Bibi yako alikuwa mmoja wao. Trekta ikaja, wakaipokea kwa ngoma, ikalima moja kwa moja kutoka juu ya kilima cha kando ya hapo hadi chini, kwa sababu dereva aliona ndiyo njia rahisi ya kugeuza. Masika ya kwanza yalipokuja maji yalifuata njia iliyochorwa na jembe la trekta, yakaondoka na udongo yakaupeleka mtoni. Niliuona mto ule. Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Maji yakimwagika hayazoleki, na udongo ni hivyo hivyo, ila udongo hata hakuna anayelia unapomwagika.

Nilipokwenda likizo sikumkuta bibi yako nyumbani. Jirani akanionyesha mlimani kwa kidevu tu. Nikapanda nikihema na viatu vyangu vya ofisini. Nilimkuta peke yake katika ngoro zake za zamani, anafukia nyasi, kwa kuibia, kama mtu anayeiba mali yake mwenyewe. Alishazeeka. Hakunigombeza. Alinipa jembe la pili, maana alikuwa nalo la pili, nikalima naye mpaka jua lilipogeuka. Tulipokaa kupumzika akasema, "Wamesema ni wewe uliyeulizwa. Mbona hukuja kuniuliza na mimi? Ningekujibu."

Baada ya hapo tuliongea habari za kuku na za nani ameoa. Aliendelea kupanda mlima ule mpaka miguu ikakataa, na baada ya hapo alikaa bondeni akiutazama. Alifia bondeni. Kidogo kidogo watu wakarudi juu, viongozi wakafumba macho, na shangazi yako akalifufua shamba la mama yetu. Ndilo hilo ulilolizungushia penseli. Ramani yako ikipokelewa ilivyo, Kolumba atateremshwa mara ya pili, safari hii na mtoto wa Bwana Ramani, naye hana tena nguvu za kupanda kwa kuibia.

Sasa usidhani nakwambia kila cha wazee ni dhahabu. Kumbuka Goba. Ulikuwa mdogo, lakini najua unakumbuka, kwa sababu ulipata mchanga machoni. Watu wa mjini tulihimizwa kila mmoja awe na shamba, nikapata kipande cha mteremko kule Goba, nikasema nitawaonyesha Wazaramo ngoro ni nini. Tulifyeka, tukalaza nyasi, wewe na ndoo yako ndogo. Mzee Mwinyimkuu jirani akasimama mpakani mikono nyuma, akauliza, "Bwana shamba, unazika nani?" Nikamwambia asubiri aone. Mvua kubwa moja, Skola, moja tu! Mchanga wa Goba haukai ukingo, mashimo yote yakajaa, shamba likawa laini kama uji. Mihogo yake ilisimama, mihogo yangu ikaelea. Akanipa mbegu nipande upya na hakunicheka mbele yako, jambo nitakalomshukuru kwalo mpaka kaburini.

Kwa hiyo nilikosea kwetu kwa kunyamaza nilichokijua, na Goba nikakosea kwa kupiga kelele juu ya nisichokijua. Kote kuwili kulikuwa na mtu aliyesimama karibu, mdomo anao, na sikumuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawaimbia watoto shuleni, halafu tukipata meza na kiti tunafanya kama methali ile ilitungwa kwa ajili ya wengine.

Nimeitazama picha yako tena mchana huu. Ni nzuri, na siiogopi. Ningekuwa na picha kama hii wakati nazunguka vijijini kwa miguu, ningeuona ule udongo ukienda mtoni mapema, pengine ningepiga kelele. Huko unakokwenda watakufundisha kuisoma vizuri kuliko sasa. Sina la kukuongezea hapo, macho yangu yenyewe yanahitaji miwani kusoma bei dukani. Ila kuna kitu nilikiona, na nilitaka kukwambia Alhamisi kabla hasira haijanitangulia.

Picha hizi hupigwa mbingu ikiwa safi. Ndege ilikuwa hivyo hivyo, ilisubiri kiangazi. Wewe mwenyewe ulisema picha za masika mnazitupa, zimejaa mawingu. Sasa fikiria. Kwetu kazi ya kutunza udongo inafanyika wakati wa mawingu. Mvua ikinyesha, mashimo yamejaa maji na kingo zimeshika, ndipo mlima unapoonyesha adabu yake, na wakati huo huko juu hakuna anayeuona. Mbingu ikifunguka, mavuno yameshaingia ndani, mlima umevua nguo. Kila mwaka mtamkuta mkulima wa kwetu anaoga, halafu mtaandika kwamba hana nguo.

Na shimo moja la ngoro, mwanangu, ni dogo kuliko chumba hiki. Ulisema nukta moja kwenye picha yako inameza shamba zima. Basi picha haijadanganya, na mimi nilikuonea nilipokufokea kuhusu hilo. Imesema "sioni mimea." Maneno "wakulima wateremshwe" hayakutoka juu, yametoka kwenye penseli yako.

Kuhusu upendeleo sikiliza, kwa sababu hapo ndipo nilipoangukia. Kumpendelea mtu wa kwenu ni kumpa asichostahili. Kusema unachokijua juu ya shamba la kwenu ni ushahidi, na shahidi halazimiki kuwa mgeni. Kama unaogopa watu watasemaje, usiuulizie mlima wetu peke yake. Uulizie na huo mwingine mweupe ulioko kaskazini, na ule wa tatu, ambako huna shangazi. Peleka swali lile lile kila mahali. Wakisema umechelewesha kazi, watakuwa wamesema kweli. Wanaweza hata kukasirika na safari yako ikaanza na jina baya ofisini. Sitakudanganya kwamba haki haina gharama. Mimi niliiogopa gharama hiyo, na aliyeilipa ni mama yangu.

Nikuambie na jaribu langu la leo, ili usije ukadhani baba yako ameshakuwa malaika. Ulipotoka kwenda Tabata picha ilibaki hapa mezani, na kifutio chako juu yake. Nilikishika. Penseli inafutika upesi, na una haraka, kesho ungeikunja bila kutazama. Nilikaa nacho mkononi kwa muda, namsikia dada yangu uani anamsimulia mama yako jinsi nyani walivyomsumbua. Kisha nikakirudisha. Mkono wangu ulishaamua mara moja juu ya mlima ule bila kumuuliza mwenye kazi. Nikifuta, nitakuwa nimekufanyia wewe yale niliyomfanyia bibi yako, hata kama safari hii nina haki. Picha iko ulivyoiacha. Ramani ni yako na jina litakalokuwa chini yake ni lako.

Nimechoka, Skola. Nimechoka na mengi tuliyoyaimba, na mengine niliyaimba kwa moyo na bado ninayapenda. Sikuchoka na ile ndoto, ya kwamba mtu wa bondeni na wa mlimani wawe sawa. Nimechoka na namna tulivyokuwa tunawapangia watu mema bila kuwakaribisha kwenye kikao. Nitakukumbuka sana. Nyumba hii itakuwa kubwa mno, na mama yako atapika kwa kipimo kile kile kwa wiki nzima na kunilaumu mimi kwa kiporo.

Nasikia geti. Umerudi, nasikia sauti yako uani. "Shikamoo, shangazi." Naye anakuitikia kwa ile "marahaba" yake ndefu, anakuuliza kama huko Tabata wamekulisha au umerudi na njaa zako.

Umeingia humu, umechukua kitu mezani, hukunitazama, na mimi nimefunika karatasi kwa kiwiko kama mtoto anayeibia mtihani. Umetoka tena. Umechukua picha.

Sasa uko uani na picha yako. Nimeacha kuandika ili nisikie, na sasa naandika ninachokisikia. Unasema, "Shangazi, naomba nikuulize kitu. Mwezi wa nane, mkishavuna maharage, kule juu kwetu panakuwaje?"

Dada yangu anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, ungo umegonga chini. "Heh! Kumbe na nyie wa ofisini mna midomo! Kaa chini, mwanangu, kaa. Hii unayoniuliza siyo ya kujibiwa umesimama."

Barua hii labda huihitaji tena. Nitaiweka katika sanduku lako hata hivyo, chini ya sweta, uisome siku utakayochoka. Sasa nafunika kalamu, nabeba kigoda changu nakuja uani. Tangu mama afe, swali hilo sijawahi kumuuliza hata dada yangu, na nataka nisikie anavyojibu.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda, hata pale nilipokufokea.